Mitende Arobaini na Chokaa ya Kumpokea Mgeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Jiji,
Bwana Msimamizi wa Bustani,
Ndugu Mkandarasi pamoja na mafundi wako wa misumeno,
Majirani zetu wa hospitali na wa shule ya ng'ambo ya barabara,
Wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakusalimu kwa heshima zote.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi kumi na tisa wa bustani hii, yaani wapaliliaji, wamwagiliaji, wafagiaji, mlinzi wa lango na mkwezi mmoja, tumefurahi kukuona. Tunajua kazi zimekubana, na wapo wakubwa wengi ambao wangemtuma msaidizi aje kukata utepe kisha aondoke. Wewe umekuja mwenyewe, na umefika kwa wakati, jambo ambalo lilituvuruga kidogo kwa sababu tulikuwa bado tunapanga viti. Karibu sana.

Kabla hatujaendelea tunaomba radhi. Ratiba uliyoletewa ofisini inasema hema lingekuwa pale langoni, penye kivuli, karibu na mtende wa kwanza wa safu ya kulia. Badala yake umetembea hatua mia na ushei juu ya kokoto, na mahali ulipokaa jua linakupiga shavu la kushoto. Hatukukusudia kukuadhibu. Hema lilihamishwa leo saa moja asubuhi, na sababu yake imo humu ndani. Tunaomba utuvumilie mpaka tuifikie.

Mezani pako pia kuna nyundo ya mbao juu ya kitambaa cheupe. Tumewaona wasaidizi wako wakiitazama na kunong'ona. Haikusahauliwa na fundi. Iko hapo kwa ajili yako.

HISTORIA YA BUSTANI NA MITENDE YAKE

Mgeni rasmi, mitende hii ya mapambo ilipandwa miaka sitini na minne iliyopita, safu mbili za ishirini ishirini, kutoka langoni mpaka kwenye bwawa. Haizai kitu cha kuliwa. Hata hivyo kila wiki hatukosi mpita njia wa kutuuliza tende zitaiva lini, na mlinzi wetu wa lango huwajibu, "Mwezi ujao," maana amechoka kueleza.

Mtende haufanani na miti mingine. Ukiukata, hutakuta ndani yake miviringo ya kuhesabia miaka. Hauongezeki unene kwa kuzeeka, unapanda juu tu. Umri wake wanaujua wale waliokuwepo ulipopandwa, na wakishaondoka hao, hakuna wa kuuliza. Wa kwetu aliyebaki ni mmoja. Yeye anajua umri wa mtende mmoja tu kwa yakini, nao ni ule wa langoni, kwa kuwa aliupanda kwa mkono wake.

Tunamwita Shangazi. Shangazi wa kweli ni wa mfagiaji mmoja tu, binti wa kaka yake, ambaye ndiye anayekusomea risala hii. Lakini jina lilipoanza kuitwa njiani asubuhi na jioni, wote wakalidaka. Hata Bwana Msimamizi, aliyemzidi miaka minne, anamwita Shangazi.

Aliajiriwa hapa miaka thelathini na moja iliyopita kama mpaliliaji. Wiki ile ile mtende wa kwanza wa safu ya kulia ulikuwa umeng'olewa na dhoruba, na mche wa kuziba pengo lake ulifika ndani ya ndoo. Wenzake walikuwa wameenda kunywa chai. Akaona mche unanyauka juani, akachimba shimo peke yake, akaupanda. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto yule leo ni fundi wa umeme na ana watoto wake, na Shangazi akimgombeza mwanawe humwambia, "Mwenzako wa langoni hajawahi kunijibu hivyo."

Ukwezi aliuanza baadaye. Mkwezi wa zamani alistaafu, na Msimamizi wa wakati huo akawapanga wanaume mstari akauliza nani atapanda. Kila mmoja akakumbuka mgongo wake unauma. Shangazi akaweka jembe chini, akavaa mkanda, akapanda. Wenzake walikaa chini wameshika tama mpaka aliposhuka. Alipofika ardhini aliuliza kitu kimoja tu: "Chai yangu mmeibakiza?"

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni jambo ambalo halijatokea. Kuti moja kavu la mtende huu lina uzito wa mtoto wa miaka mitatu, na likianguka kutoka urefu ule halibishi hodi. Chini yake wanapita wagonjwa, wanafunzi, na maharusi wanaokuja kupiga picha. Katika miaka kumi na tisa ya Shangazi mkandani hakuna mtu hata mmoja aliyeguswa na kuti. Hakuna anayetoa cheti kwa jambo la namna hiyo, lakini sisi tunaliandika hapa.

Pili, mashina yetu hayana matundu. Kwingineko wakwezi hutumia viatu vya misumari ili wapande upesi. Kidonda cha mtende hakifungi. Kitundu kilichotobolewa leo kitabaki wazi mpaka siku mtende utakapokufa. Kwa hiyo Shangazi hupanda kwa mkanda na kamba, miguu mitupu, na anayekuja na viatu vya misumari humwonyesha njia ya kutokea. Ndugu Mkandarasi ni shahidi. Walikutana mwaka juzi na hawakuagana vizuri.

Tatu, tuna sifa ya usafi. Kila tunapopata mgeni, tunapaka mashina yote chokaa mpaka usawa wa kifua. Hatusubiri kuambiwa. Tukisikia neno "mgeni" tu, mikono yetu inatafuta brashi. Mafanikio haya, mgeni rasmi, ndiyo yanayotufikisha kwenye sehemu inayofuata.

CHANGAMOTO

Kama ulivyoarifiwa, kuna ugonjwa. Unaingilia chini ya shina na kuozesha ndani, huku kichwani makuti yanaendelea kuwa ya kijani kana kwamba hakuna lolote. Dalili ya wazi ni uyoga mgumu unaoota pembeni ya shina, lakini uyoga ule ukionekana, ndani kumeshakwisha. Hauna dawa. Mtende ulioshikwa lazima uondolewe, na sisi hatubishani na hilo hata kidogo.

Siku ya Jumatano ya wiki iliyopita alikuja mkaguzi wa miti. Alizunguka siku nzima, akapima, akachungulia, na mitende kumi na mmoja aliyoikuta ni migonjwa akaitia alama ya msalaba kwa chaki nyekundu. Kwenye karatasi yake akaandika "kumi na mmoja", bila kuandika ni ipi. Kwa nini aandike, na alama ziko kwenye miti? Jioni akasafiri.

Alhamisi asubuhi tukaambiwa unakuja.

Mheshimiwa, unaweza kukisia kilichofuata. Tulikoroga chokaa mapipa mawili. Tulipaka kwa moyo mmoja, huku tukiimba. Kuna mashina ambayo chokaa yake ilianza kugeuka rangi ya waridi. Tukasimama tukayatazama. Mmoja wetu akasema huo ni udongo mwekundu umeingia kwenye pipa. Wote tukakubali kwamba ni udongo. Kisha binti wa kaka yake Shangazi, ambaye ndiye msomaji wenu, akachukua brashi na kuyarudia mara ya pili mpaka yakawa meupe pepepe. Ndiyo maana wenzake wamempa yeye kazi ya kusoma.

Shangazi siku hiyo alikuwa na ruhusa, amempeleka mjukuu kliniki. Alirudi Ijumaa, akasimama langoni, akaangalia safu mbili zinazong'aa, akauliza, "Na zile alama?"

Msimamizi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Mkaguzi alipopigiwa simu alisema anakumbuka michache ya upande wa bwawa, lakini hawezi kuapa. Msimamizi akamwita Ndugu Mkandarasi, naye akasema, na kwa upande wake alikuwa na haki, "Mashine yangu nimepewa kwa siku nne. Mimi siwezi kukata kwa kubahatisha. Kama hamjui migonjwa ni ipi, tutaondoa yote." Ndivyo ilivyokuja kuandikwa kwenye faili lililo mbele yako kwamba leo unazindua uondoaji wa mitende arobaini. Jumatano ile ilikuwa kumi na mmoja. Iliyozidi imeletwa na chokaa yetu.

Hatutaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kosa ni letu, na lilitufanya tusiangaliane usoni siku mbili nzima. Msomaji wenu alilia nyuma ya banda la vifaa, na Shangazi alimkuta pale. Hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, chokaa huanza kwa mgeni, huisha kwa mvua. Nyamaza, niletee nyundo yangu."

KAZI YA SIKU TATU

Sehemu hii haimo kwenye utaratibu wa risala. Tumeiongeza.

Mtende unaweza kugongwa na kusikilizwa. Mzima unarudisha mlio mfupi, uliokaza. Mgonjwa unarudisha mlio unaochelewa, kama chumba kilichohamwa. Shangazi ana nyundo ya mbao aliyoachiwa na mkwezi wa zamani, ndiyo hiyo iliyo mezani. Hugonga shina kwa mkono wa kulia na kuegemeza taya la kushoto kwenye mti.

Tunakuambia ukweli wote ili usije ukaambiwa na mwingine: Shangazi sikio lake la kulia halisikii vizuri. Ukimwita kunywa chai inabidi upunge kitambaa. Fundi mmoja wa misumeno alipomwona Jumamosi amekumbatia mti alicheka, "Kiziwi ndiye anatusikilizia miti?"

Shangazi alimsikia, maana alikuwa upande wa kushoto. "Njoo uweke taya lako hapa," akamwambia. "Masikio ni ya kusikilizia maneno yako. Mti unasikika kwa mfupa."

Yule fundi aliweka taya. Hakucheka tena, na yupo hapa leo, mwenye fulana ya njano, anatazama viatu vyake.

Shangazi alifanya kazi hiyo Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Mitende yote arobaini, kila mmoja pande nne, kila upande mara tatu. Sisi tulimfuata na vipande vya sare chakavu za buluu. Aliposema "Huu," tulifunga kipande. Aliposema "Huu una miaka yake bado," tulipita, na tukiri kwamba kuna mashina tuliyoyapigapiga mgongoni kama mtu aliyefaulu mtihani. Jumapili jioni vipande vilikuwa kumi na kimoja. Kumi na mmoja, sawasawa na hesabu ya mkaguzi! Tulirukaruka. Msimamizi alimkumbatia mlinzi wa lango, kitu ambacho hatujawahi kukiona.

Jumatatu ulikuwa umebaki mtende mmoja tu, ule wa langoni. Tulikuwa tumeshaanza kukusanya vyombo. Shangazi akaugonga. Akahamia upande wa pili, akaugonga tena. Akaenda kunywa maji, akarudi, akaugonga mara ya tatu.

"Nipeni kitambaa," akasema.

Hakuna aliyempa. Msimamizi akamwendea polepole. "Shangazi, mkaguzi alisema kumi na mmoja. Hesabu imetimia."

"Basi mkaguzi alipitwa na mmoja."

"Huu ni wako."

"Ndiyo maana naujua."

Msomaji wenu naye akajitia kimbelembele. Akamwambia, "Shangazi, uache. Hakuna anayejua. Wenyewe una majani mazuri, utakaa hata miaka miwili."

Shangazi akamgeukia. Wengi wetu tulidhani atamfokea. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nikiuficha huu mmoja, wewe utaniamini vipi kwa ile mingine? Na ukianguka, mama, hautauliza ni wa nani. Utamlalia yeyote anayepita." Kisha akachukua kitambaa, akaufunga mwenyewe, mafundo mawili, akakaa kwenye ukingo wa kokoto akalia. Alituomba tusiliandike hilo. Tumeliandika, na atatusamehe.

Tulichunguza baadaye ugonjwa umeingilia wapi. Mitende mingine yote imezungushiwa kokoto. Wa langoni peke yake umezungukwa na nyasi, kwa ajili ya uzuri, na kila wiki mashine ya kukatia nyasi imekuwa ikiukwaruza shina. Shangazi alituambia tuache duara tupu kuuzunguka. Alituambia mwaka baada ya mwaka, nasi tukasema ndiyo, Shangazi, kisha tukaendelea. Vidonda vyote pale chini ni vya mikono yetu.

Hiyo ndiyo sababu ya hema, mgeni rasmi. Mtende ule hauanguki leo kwa kuangaliwa. Lakini hatukuweza kukuketisha kwa saa tatu wewe na watu mia mbili chini ya mti ambao tayari tunajua umekwisha ndani. Shangazi ndiye aliyeshika nguzo ya kwanza kulihamisha.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa kawaida risala huomba vitu vingi kwa matumaini ya kupata vichache. Tulikuwa na orodha, kuna bomba la maji na kuna choo. Tumeiweka mfukoni. Siku nyingine.

Leo tunaomba namba moja ibadilishwe kwenye faili lako. Badala ya arobaini, isomeke kumi na miwili. Ndugu Mkandarasi ametuambia mbele ya watu kwamba kumi na miwili inamtosha kwa siku zake nne, na atafurahi kulala mapema. Tunaomba pia mashimo yatakayobaki yasipandwe mtende mwingine, kwa sababu ugonjwa unabaki kwenye udongo. Tupewe miche ya miti ya aina nyingine. Na kila shina lizungushiwe duara tupu, ambalo safari hii tutaliheshimu.

Tunajua swali ulilonalo. Utaweka vipi saini yako chini ya taya la mkwezi mmoja mwenye sikio bovu, mbele ya watu waliofuta alama za mtaalamu kwa chokaa? Ni swali la haki. Nasi tungeliuliza.

Ndiyo maana ya nyundo. Tunakuomba, kabla ya kukata utepe, uichukue ukaende nayo kwenye mitende miwili. Anza na wa nyuma ya hema hili, usio na kitambaa. Weka taya kwenye shina, ugonge. Chokaa imekauka, haitakuchafua sana. Kisha twende pamoja mpaka langoni, ugonge ule wenye kitambaa cha buluu. Hakuna upepo, kofia ngumu iko chini ya kiti chako, na Shangazi atasimama ubavuni pako. Usipoisikia tofauti, acha namba kama ilivyo, na sisi wenyewe tutashika kamba za mitende arobaini bila kunung'unika. Ukiisikia, basi kalamu unayo.

Na ukishaibadilisha, mwenzetu ana ombi lake moja, ambalo hakutuambia sisi, alimwambia mlinzi wa lango. Anaomba wa kwanza kuondolewa uwe ule wa langoni, leo hii, yeye akiwepo, ili kesho asije kazini akauangalia ukisubiri. Anaomba ukatwe kwa kushushwa vipande vipande kutoka juu, na mafundi wainuliwe na mashine. Asipande mtu kwa viatu vya misumari. Mlinzi alimwambia, "Shangazi, si unakufa huo? Misumari itaudhuru nini?" Akamjibu, "Miaka thelathini na moja haukutobolewa. Hauwezi kutobolewa leo."

HITIMISHO

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kutusikiliza huku jua likikuzunguka. Mungu akupe afya na macho ya kuona mbali, airudishe salama misafara ya wote waliofika, awape nafuu wagonjwa wanaoitazama mitende hii kutoka madirishani, na aturehemu sisi wenye brashi. Akikuwezesha kurudi tena bustanini kwetu, tafadhali usitupe taarifa.

Nyundo ni hiyo. Shangazi ameshasimama.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Bustani ya Jiji,
wapaliliaji, wamwagiliaji, wafagiaji, mlinzi wa lango na mkwezi wetu.